Jitu Lao Linacheka, Letu Linajibu Maswali

Pale stage ya 46 kuna mzee anayetandaza vitabu vya mtumba juu ya gunia. Juzi nilimnunulia mpwa wangu wa miaka 8 kitabu cha picha kwa bob 50, kwa sababu kilikuwa na jitu kwenye jalada na hakuna kurasa zilizochanika. Ngano za Ayalandi. Usiku huo alikisoma mara tatu. Asubuhi, kikombe cha chai mkononi, akaniuliza, "Anko, jitu letu linaitwaje?"

Nikamwambia Luanda Magere.

"Ako kwa kitabu gani?"

Hapo nikakwama. Na hapo hasira zangu zikaanza, kwa hivyo wasee, mnivumilie.

Hebu kwanza niwape stori iliyomchekesha. Kuna jitu linaitwa Finn. Linasikia jitu kubwa zaidi linakuja kulichapa, linakimbilia nyumbani kwa mkewe. Mke anaitwa Oonagh, na kichwa chake kinafanya kazi. Analivalisha mumewe nguo za mtoto, analilaza kwenye kitanda cha mtoto, kisha anaoka mikate na kuficha vyuma ndani. Mgeni anauma mkate, meno yanavunjika. "Mtoto" anapewa mkate usio na chuma, anautafuna bila shida. Mgeni anajiuliza: kama mtoto ni hivi, baba yake je? Halafu anaweka kidole mdomoni mwa huyo mtoto apime meno yake, na kidole hicho ndicho kilichobeba nguvu zake zote. Kinaumwa kikakatika. Stori imeisha.

Hakuna anayesema uongo ni mbaya. Hakuna swali. Mwanamke amedanganya, mume wake mwoga ameshinda, na mtoto wa Kabiro anacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Sasa fungua ngano yetu katika vitabu vingi vya shule. Mchoro mmoja: nyumba tatu za nyasi, mti, mzee na mkongojo. Nyumba ni zilezile, hadithi iwe ya Wakikuyu, Waluhya au Wataita. Aya sita. Halafu zoezi: Je, fisi alikuwa na tabia gani? Hadithi hii inatufunza nini? Mtoto hajamaliza kumwogopa zimwi, tayari zimwi limeketi kwenye dawati linasubiri kusahihishwa.

Turudi kwa Luanda Magere, kwa sababu ndiye anayeniuma. Mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya Wanandi ilimgonga ikaanguka. Kwa hivyo wakampa msichana mrembo amwoe. Siku moja akaugua, akamwambia mke amchanje dawa. Wembe ukakataa kuingia. Akamwambia, chanja kivuli changu. Kivuli kikatoka damu. Usiku msichana akatoroka kwenda kwao, na vita vilivyofuata, mkuki ukalenga kivuli. Jiwe lake liko mpaka leo uwanda wa Kano, watu huenda kuliona.

Niambie hiyo haitoshi kitabu cha picha chenye kurasa 32. Kivuli kinachotoka damu! Mchoraji yeyote angelipa yeye mwenyewe apewe hiyo kazi.

Lakini hiyo stori ina swali ambalo wahariri wetu hawalitaki: yule msichana ni msaliti ama ni shujaa? Jibu linategemea shosho yako alizaliwa upande gani. Ndiyo maana nimesoma matoleo ambayo Wanandi wamegeuzwa kuwa "maadui" tu, hawana jina, na msichana ni "mwanamke mmoja". Wanaogopa ukabila. Naelewa woga huo. Nimekulia Kawangware, najua mwaka wa uchaguzi unanukaje. Lakini ukificha kwamba pande zote mbili zilikuwa na mama na sababu, hujaondoa chuki. Umeacha tu mwanamke mwovu asiye na kwao. Mpwa wangu, nilipomsimulia, alifikiria kidogo akasema, "Si alikuwa anasaidia dadake?" Miaka 8.

Sitaki mtu aseme hatujawahi kuweza. Pamela Kola alitoa vitabu vyake vya ngano za asili ya mambo mwaka wa 1966, miaka 3 tu baada ya Uhuru. Asenath Bole Odaga alikusanya ngano za Waluo, akachapisha Thu Tinda mwaka wa 1980, na baadaye akaendesha kampuni yake mwenyewe kule Kisumu. Mwaka wa 1996 Gado alichora Abunuwasi, katuni ya Kiswahili kutoka hapa Nairobi, na bado inachekesha. Tulikuwa na njia. Tukaiachia mtihani.

Mwaka wa 1968, Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba waliandika waraka Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka fasihi ya Kiafrika, pamoja na simulizi, iwe katikati ya masomo badala ya Kiingereza cha Uingereza. Wakashinda. Na ushindi wao tukaugeuza karatasi ya 3 ya KCSE: taja sifa tano za hekaya, eleza umuhimu wa mighani. Najua watu waliopata A ya Kiswahili na hawawezi kusimulia ngano moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mmoja wao ndiye anaandika haya.

Nilipoanza, nilitaka kuwalaumu Waayalandi kwa kuingia chumbani kwetu. Halafu nikasoma historia yao, nikanyamaza. Hao pia walitawaliwa na Mwingereza. Karne ya 19, mtoto aliyeongea Kiayalandi alivalishwa kijiti shingoni, kila neno alama, kila alama fimbo. Wewe uliyebeba "disk" shuleni kwa kuongea lugha ya mama unajua ninachosema. Lakini kati ya 1937 na 1939 serikali yao iliwaambia wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa kama miaka 11 hadi 14: nendeni nyumbani na daftari, mwandikeni babu na nyanya. Zaidi ya watoto 50,000, shule kama 5,000. Kurasa zile zimehifadhiwa Dublin, na leo unaweza kuzisoma bure kwa simu. Nchi maskini wakati huo, na vita vikikaribia. Walitumia watoto na daftari.

Mchapishaji atasema hakuna soko. Mzazi wa Kawangware ananunua kile mwalimu ameandika kwa orodha, basi, na tangu 2013 serikali imemwekea VAT ya asilimia 16 juu yake. Sawa, hilo ni kweli. Na ngano za bure ziko mtandaoni, mradi wa African Storybook umekuwa ukiziweka tangu 2014, kwa lugha zetu nyingi, lakini bundles ni pesa na simu ya mama iko na yeye kazini. Nakubali yote. Lakini usiniambie watoto hawataki. Yule mzee wa 46 hauzi kwa huruma.

Na msiniambie twende mashinani kuzitafuta. Ploti yetu ina vyumba 12 na bomba moja. Chumba cha 3 kuna mama kutoka Gwassi, stima ikipotea hutusimulia habari za Nyamgondho, mvuvi aliyevua mwanamke mzee kutoka ziwani akatajirika, kisha akamtukana, na ng'ombe wote wakamfuata yule mwanamke majini. Chumba cha 7 kuna cucu ambaye hasemi paukwa, anasema "ugai itha", na watoto wa makabila yote wanajibu "itha!" bila kujua ni Kikuyu. Anasimulia nusu Sheng sasa, irimũ wake hupanda mathree. Hiyo ndiyo picha ninayotaka kuona kwenye ukurasa, siyo nyumba tatu za nyasi.

Jumamosi nilimpa mpwa wangu daftari, akaenda kubisha chumba cha 3. Alirudi na kurasa nne, herufi kubwa, makosa mengi, na ng'ombe mmoja aliyefanana na meza. Akaniuliza kama naweza kumchora vizuri zaidi. Siwezi. Kuna msee anasoma hapa anaweza?