Gesi haina moshi? Nani kawadanganya?

Jamani, kuna sentensi moja nimeichoka: "Gesi haina moshi." Nimeisikia kwa muuza mitungi pale Moshi mjini, nimeisikia kwa binamu yangu mwenye digrii, na mwezi Julai nikaisikia kwa fundi aliyeshika ndoo ya saruji akitaka kuziba dohani ya shangazi yangu.

Shangazi anaishi Kibosho kwenye nyumba ya zamani, ya enzi za walowezi wa kahawa. Sebuleni kuna meko ya ukutani yenye dohani ya matofali. Ninyi mnaolala na feni Dar es Salaam mwaka mzima, Juni na Julai huku mlimani hakuna mchezo. Shangazi ana zaidi ya miaka sabini na magoti yanamsumbua. Watoto wake wakachanga wamnunulie hita ya gesi. Wazo zuri kabisa. Ila binamu akaongeza: "Hita inakaa hapo mekoni, dohani tunaziba ili baridi isiingie."

Nikasema hapana. Nikaulizwa mwandishi wa habari anajua nini kuhusu gesi. Haya, nawajibu.

Kwanza, kutoonekana si kutokuwepo. Gesi ya mtungi ikiungua hutoa hewa ya ukaa na mvuke. Kilo moja ya gesi hutoa maji kiasi cha lita moja na nusu, na yote hayo huishia kwenye kuta na mapafu ya aliyemo chumbani. Hewa ikiwa haba, hutoa pia kaboni monoksaidi. Hiyo haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Msiniambie "nitasikia harufu". Harufu mnayoijua imetiwa makusudi kwenye gesi ambayo haijaungua, ili mtungi ukivuja mjue. Sumu ya moto usiopata hewa haikupigii hodi. Unaumwa kichwa, unasinzia, basi.

Pili, tuko mlimani! Kwenye mita 1,800 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko pwani. Kifaa kilichorekebishwa kwa ajili ya Tanga hakipati huku oksijeni ileile. Nani kati ya wauzaji wetu huuliza mteja anaishi wapi?

Tatu, dohani kuukuu nayo si ya kuaminiwa kwa macho. Ilijengwa kwa moto wa kuni, mkali. Moshi wa gesi (ndiyo, nauita moshi) una joto dogo zaidi. Ukipanda kwenye dohani pana na baridi hupoa njiani, mvuke unageuka maji, unachanganyika na masizi ya miaka na kula chokaa iliyoshika matofali. Ongeza viota vya ndege na nyuki. Kwa hiyo isafishwe, ichunguzwe nyufa hadi darini, ijaribiwe kwa moshi kuona kama inavuta, na ikibidi ipitishiwe bomba la chuma ndani. Isipofaulu, usiwashe kitu.

Sasa kuchagua. Hita ya kusukuma yenye mtungi mgongoni ni rahisi, lakini hutema kila kitu chumbani. Ikiwashwa yote hula takriban gramu 300 kwa saa, maana yake mtungi wa kilo 15 ni saa 50 tu. Si ya kulala nayo. Ile ya miali ya wazi yenye kuni za bandia inapendeza kwenye picha, lakini joto lake jingi hupaa na dohani, yaani unawaotesha moto kunguru. Iliyofungwa kwa kioo, inayovuta hewa nje na kutolea nje kwa bomba lake lenyewe, ndiyo salama kuliko zote. Kuipata ni kazi na bei inauma. Bei ya jeneza je?

Msinielewe vibaya, sitetei mkaa. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za watu waliokutwa wamekufa chumbani na jiko la mkaa. Nafurahi kwamba mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lakini tunagawa mitungi huku tukipiga picha, na somo la matundu ya hewa halisikiki. Nyumba zetu za siku hizi zina silingibodi na madirisha ya aluminiamu yanayobana kama kopo. Sisi wasomi ndio wa kwanza kuziba!

Ubishi aliumaliza shangazi mwenyewe. "Nyumba ya bibi yenu ilikuwa ya majani, moto katikati, na moshi ulipenya kwenye paa. Ninyi mnataka nilale ndani ya chupa?" Fundi akabeba ndoo yake.

Dohani imesafishwa, kilitoka kiota kizima na masizi magunia mawili. Hita bado hatujanunua, tunachangishana tena ipatikane ile ya kioo. Shangazi anavaa sweta mbili na bado yu hai kunitania.

Kama na kwenu kuna mzee, leo mpigie simu umuulize: usiku unaota moto gani, na hewa inaingilia wapi?

Naomba kuwasilisha.