Ng'ombe Asikatwe Vipande

Wapo wasemao, hata miongoni mwa walimu wenzetu hapa Ludara, kwamba kompyuta ni mali ya mwalimu wa hisabati, na mwalimu wa Kiswahili na abaki na methali zake. Kauli hiyo siikubali, na hoja yangu ni neno moja tu: ng'ombe.

Tuitazame Java, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1995. Humo kazi hugawiwa vitu, na kila kitu kina aina yake iamuayo kitende nini, kama ngeli iamuavyo upatanisho wa nomino. Kipo kitu kifunguacho faili la maandishi, hulisoma mstari kwa mstari, kisha hulifunga.

Lakini ndani ya faili hamna herufi, mna namba. Msomaji hana budi kujua ufunguo wa kuzigeuza namba hizo kuwa herufi. Ritifaa iliyopinda huhifadhiwa kwa namba tatu katika ufunguo uitwao UTF-8; ikisomwa kwa ufunguo mwingine, alama za ajabu huzuka katikati ya neno. Kabla ya toleo la 18, la Machi 2022, Java isipoagizwa ilifuata desturi ya kila mashine. Tangu hapo hufuata UTF-8. Hata hivyo hatari haijaisha. Programu ikiamriwa kukata maneno penye alama yoyote isiyo herufi, ng'ombe huwa "ng" na "ombe". Ikiifuta ritifaa, ng'oa hugeuka ngoa, na kazi ya jembe ikawa wivu.

Nani atakayeliona kosa hilo? Mwalimu wa hisabati tusimlaumu. Si somo lake. Ni letu. Na hapa Koboko jukumu ni zito zaidi, kwa kuwa Kikakwa na Kilugbara nazo huandika ritifaa kabla ya b na d. Mashine iliyozoea kuidharau alama hiyo itaziharibu lugha za mama zetu pia.

Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Heshima hiyo haitakisomea faili hata moja. Kwa kuwa tumeambiwa tubaki na methali, basi na tujibu kwa methali: asiyekuwapo na lake halipo. Ndugu walimu, tuketi mbele ya mashine, tuipe maandishi yetu, kisha tuulize: je, ng'ombe ametoka mzima?