Akiba Haiozi

Askari aliyetumwa kukagua nyumba za kambi, naye ameagizwa aiache nyumba ya tano, hana haja ya kuifungua na kuhesabu vyombo vyake. Baadhi ya kompyuta hazina busara hiyo. Mwenyewe huagiza kwamba folda ya vitu vya muda isinakiliwe katika diski ya akiba. Kompyuta hutii, lakini kwanza huingia humo, husoma jina la kila faili, ndipo huliacha. Faili zikiwa 100,000, muda mwingi hupotea bure.

Katika mifumo ya Unix na Linux, programu ya find huidhihirisha tofauti hiyo. Agizo la -not -path huyaficha majina tu, baada ya folda yote kusomwa. Agizo la -prune, yaani kupogoa, huizuia programu isiingie kabisa.

Hasara si muda peke yake. Kazi ichelewayo hukatizwa, umeme ukizimika au mtu akichoka kungoja. Siku diski ya kompyuta ikiharibika, vyeti vya watoto na picha za marehemu hupotea nayo. Kwa hiyo kila mwenye kompyuta na alitazame agizo lake: je, lakataza kunakili tu, au lakataza kuingia? Akiba haiozi, lakini sharti iwe imekamilika.