Mgeni wa Mastodon aanze na seva ipi?

Elon Musk alipoinunua Twitter Oktoba 2022, watu kwa maelfu walikimbilia Mastodon, mtandao usio na mmiliki mmoja ulioanzishwa na Eugen Rochko mwaka 2016, na wengi wao hawakukaa. Wenyeji huwaita wavivu. Mimi naona kosa liko kwenye mapokezi. Kabla hajaandika hata neno, mgeni alitakiwa achague seva, yaani moja ya sehemu zinazojitegemea zinazounda mtandao huo, hii ya wanasayansi, ile ya wasanii, kila moja na kanuni zake, ilhali hana lolote la kumsaidia kuchagua. Watetezi husema uchaguzi huo ndio uhuru wenyewe. Ni kweli wingi wa seva unamzuia tajiri yeyote asiununue mtandao mzima, na hilo nalithamini sana. Lakini uhuru hupimwa pia kwa wepesi wa kuondoka: ukihama seva, wafuasi unaweza kwenda nao, ila machapisho yako yanabaki ulikotoka. Mwaka 2023 programu rasmi ilianza kumpendekezea mgeni seva ya mastodon.social, na baadhi ya wakongwe wakalalamika kwamba watu watarundikana sehemu moja. Hofu yao ina msingi, ila dawa yake ni kuwawezesha watu kuhama na maandishi yao, wala si kumbebesha mgeni uamuzi wa kuchagua seva siku ya kwanza.