*TAARIFA YA TAWI: MABOMU YA MTAWANYIKO, TULISAINI, SASA TURIDHIE*

Ndugu wanachama,

Tangu Marekani ilipoanza kuipa Ukraine mabomu ya mtawanyiko, Julai 2023, wapo wanaosema: vita ni vita, mbona Urusi nayo inayatumia? Tawi linaikataa hoja hiyo.

Bomu hili hufunguka angani na kumwaga vibomu vingi eneo kubwa. Visivyolipuka hubaki ardhini vikisubiri jembe, au mtoto anayedhani kaokota mpira.

*Tazameni hesabu ya Laos.* Kati ya 1964 na 1973 Marekani ilimwaga huko vibomu zaidi ya milioni 270. Inakadiriwa milioni 80 havikulipuka. Miaka zaidi ya 50 imepita na wakulima bado wanakufa. Kihasibu hilo ni deni: kakopa jeshi, analipa mkulima. Ukraine nako, atumie huyu au yule, shamba litakalobaki na vibomu ni la mwananchi yuleyule.

*Na sisi je?* Tanzania ilisaini mkataba wa kuyapiga marufuku mjini Oslo, 3 Desemba 2008. Mpaka leo hatujauridhia. Lithuania ilijitoa Machi 2025. Wenzetu wanatoka, sisi hata kuingia hatujaingia!

Kuridhia mikataba ni kazi ya Bunge, Ibara ya 63 ya Katiba. Tunadai Serikali iupeleke mkataba bungeni, na kila mwanachama amuulize mbunge wake: lini?

Sahihi bila kuridhia ni hundi isiyo na salio.

*Imetolewa na:*
Katibu wa Tawi