Mkimbizi si hesabu tu, ndiye mwenye habari

Familia iliyokimbia fujo upande wa Mitwaba ikifika Kikula, swali la kwanza ni la hesabu: wako wangapi? Shefu wa avenyu anaandika majina. Karatasi inakwenda kwa shefu wa kartie, toka hapo inafika komine, kisha kwa mashirika ya misaada. Mwandishi wa redio naye anachukua hesabu ile ile na kuisoma jioni. Wote wamefanya kazi yao. Lakini familia yenyewe, siku nyingi baadaye, haijui kama majina yake yalifika au yalipotelea njiani.

Hapo ndipo kosa lilipo. Katika safari ya habari, mkimbizi anapewa kazi moja tu: kuhesabiwa. Kumbe ndiye aliyeona. Anajua kijiji gani kimebaki bila watu, barabara gani bado ni ya hatari, mgonjwa gani ameachwa nyuma. Tena ndiye wa kwanza anayeweza kusema: hapa mmeandika vibaya, watoto ni 6, si 4.

Likasi inajua bei ya maneno yasiyokaguliwa. Mwaka 1992 na 1993, wanasiasa waliwaita majirani wenye asili ya Kasaï "bilulu", ni kusema wadudu. Maneno yale hayakutembea yenyewe, watu waliyabeba nyumba kwa nyumba. Maelfu ya familia walifukuzwa, wakalala kwenye gare ya Likasi wakingoja treni. Wengi walikufa katika kungoja huko. Aliyesema ana lawama, na aliyerudia ana yake.

Leo redio trotwa iko ndani ya simu. Wazee walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa mambo ya usalama, methali hiyo isifuatwe. Uvumi kwamba wenye silaha wamekaribia unaweza kuhamisha avenyu nzima usiku mmoja, na waliokwisha kukimbia mara moja ndio wanaobeba vitu tena mbele ya wote.

Basi kila mmoja ashike kazi yake mpaka mwisho. Aliyeona aseme alichoona, si alichoogopa. Shefu asome majina mbele ya wenyewe kabla ya kupeleka karatasi. Mwandishi aulize watu wawili wasiojuana, wala asitangaze mahali familia zinapolala. Msikilizaji, kabla ya kutuma ujumbe, aulize: nani aliona, wapi, lini?

Na jibu lirudi. Tangu mwaka 2002, Radio Okapi inatangaza kwa Kifaransa na pia kwa Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo, maana habari isiyoeleweka ni sawa na isiyotumwa. Komine na mashirika nao wafanye hivyo: wamrudie yule waliyemwandika, kwa lugha yake, wamwambie karatasi imefika wapi, hata kama jibu ni kwamba msaada haujapatikana. Aliyetoa jina lake ana haki ya kujua lilikwenda wapi.