Shule zikifungwa: masomo ya intaneti ya moja kwa moja yatamfikia nani?

Katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya kanisa letu huku Kivu, swali lilirudi tena: shule ikifungwa, kwa nini walimu wasifundishe kupitia simu, kwa saa zilezile za darasa, kila mtoto akiwa kwao? Baba mmoja alisema watoto wa kaka yake walioko Bruxelles walisoma hivyo wakati wa Covid na hawakupoteza mwaka. Mama mmoja aliyekaa nyuma akamjibu: "Kwetu simu ni moja, ni ya baba yao, na anatoka nayo saa kumi na mbili asubuhi." Watu walicheka. Lakini mama huyo alikuwa amegusa kiini cha jambo lenyewe.

Hatutaki kumdharau yule baba, maana uchungu wake ni wa kweli. Tumfikirie mtoto wa Goma aliyeanza mwaka wa kwanza wa shule ya msingi mwezi wa Septemba 2019, wakati ule ambapo serikali ilianzisha elimu ya msingi ya bure. Mwezi wa tatu 2020 Rais Félix Tshisekedi alifunga shule zote kwa sababu ya Covid. Wanafunzi wa miaka ya mwisho walirudi mwezi wa nane, wengine wakangoja hadi tarehe 12 Oktoba. Tarehe 18 Desemba shule zilifungwa tena, zikafunguliwa Februari 22, 2021. Tarehe 22 Mei mwaka huohuo Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Watu wakakimbilia Sake, Minova, Rutshuru na Bukavu. Katikati kukawa na migomo ya walimu. Kisha mwezi wa kwanza 2025 vita vikaingia Goma, na mwezi wa pili vikafika Bukavu. Mtoto huyo alipaswa kumaliza mwaka wa sita mwaka 2025. Ni kitu gani tumempa katika miezi yote ile aliyokaa nyumbani?

Swali hili linatuhusu sisi Waprotestanti moja kwa moja. Tangu mapatano ya Februari 26, 1977 kati ya serikali na makanisa, tunasimamia shule nyingi za nchi hii. Hatuwezi kusema ni kazi ya Kinshasa peke yake, kisha siku ya Yenga tukajivunia shule zetu.

Hata hivyo tunaona kwamba masomo ya moja kwa moja kwenye intaneti hayafai kuwa jibu letu la kwanza. Somo la namna hiyo linadai vitu vingi vikutane kwa saa moja: umeme uwepo, simu iwe na chaji na iwe mikononi mwa mtoto, mega zitoshe, mtandao usikatike, na pawe na kona tulivu nyumbani. Katika nchi ambamo karibu mtu mmoja tu kati ya watano anapata umeme, kimoja kikikosekana somo limempita mtoto, wala halitarudi. Na atakayepitwa kila siku ni yuleyule: mtoto wa mama anayeuza ndizi, mtoto wa mkimbizi aliyepokelewa kwa shangazi yake, na msichana anayetumwa maji wakati kaka yake ameshika simu. Mwaka 2020 UNICEF ilihesabu kwamba watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali ya aina yoyote, hata ya redio na televisheni. Basi, tukichagua njia ngumu kuliko zote, tunajua tunamwacha nani.

Tena kuna fedha. Nani atanunua mega? Mzazi wa shule ya msingi ameambiwa elimu ni bure. Tukimdai mega za kila juma, hiyo ni ada ileile chini ya jina lingine. Na tunakumbuka jinsi kodi ya RAM ilivyokula uniti za watu kuanzia mwisho wa 2020, hadi kelele za wananchi zikaiondoa mwaka 2022. Upande wa mwalimu ni mbaya zaidi. Tuna walimu ambao hawajaingia bado kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Kumwambia mwalimu wa namna hiyo asimame mbele ya simu yake, kwa mega zake, ni kumwongezea mzigo mgongoni.

Wakati wa mgomo jambo hubadilika kabisa. Mwalimu amekaa nyumbani akidai haki yake. Shule ikifungua darasa kwenye simu, imemzunguka. Wakati wa vita napo, kikundi cha simu chenye majina ya watoto, namba za wazazi na mahali walipokimbilia si kitu cha kuachwa wazi. Wanaosema "tutumie intaneti tu" wanazungumza kana kwamba kufungwa kwa shule ni kwa aina moja.

Lakini tukiri lililo jema. Mwaka 2020 Radio Okapi ilirusha masomo kupitia Okapi École, na watoto wengi walisikia hesabu na Kifaransa wakiwa jikoni na mama zao. Redio ilifika kule ambako intaneti haifiki. Ila redio haisikii. Mtoto asipoelewa, hana wa kumwuliza. Somo la moja kwa moja linampa mtoto mtu anayemwita kwa jina na kumwuliza kama ameelewa. Kwa mtoto aliyesikia mabomu usiku, sauti hiyo ni zaidi ya hesabu. Hapo yule baba alikuwa na haki.

Sisi wachungaji tunajua jambo hili kutoka kwa Paulo. Alipokuwa kifungoni hakuweza kuyafikia makanisa, akaandika barua. Aliagiza barua ya Wakolosai isomwe pia Laodikia, nayo ya Laodikia isomwe kwao. Barua haikudai wote wawepo saa moja, na mmoja aliyejua kusoma aliwatosha wengi. Lakini Yohana, katika barua yake fupi ya pili, anaonyesha kwamba wino haukumtosha. Alitaka kuja waonane uso kwa uso.

Kwa hiyo tunapendekeza karatasi za mazoezi zitayarishwe kabla ya hatari, zikae tayari kwa direkta. Redio za makanisa zitoe saa moja asubuhi na zirudie jioni. Mwalimu arekodi sauti fupi kwa WhatsApp, ambayo itasikilizwa hata saa mbili usiku baba akirudi na simu yake. Pale penye usalama, watoto watano au sita wa mtaa mmoja wakutane kwa jirani, na mwalimu wa karibu awapitie kwa miguu. Masomo ya moja kwa moja tuyaweke kwa wanaojitayarisha kwa Mtihani wa Serikali, katika majengo ya kanisa yenye umeme wa jua, mega zikilipwa na jumuiya na mwalimu akipewa chochote kwa kazi yake. Ni kidogo, lakini hakimfungii mtu mlango.

Mkutano ule haukupiga kura. Uliamua kwanza kuhesabu: nyumba ngapi zina redio, ngapi zina simu ya intaneti, na simu hiyo hurudi nyumbani saa ngapi. Swali la mwisho liliongezwa na yule mama wa nyuma, na ndiye aliyepewa daftari la mtaa wake.